Namba Inayosafiri na Dondoo

Wanaoandika kwa simu wana tabia moja: fikra zikikauka, hupakua programu mpya ya kuandikia dondoo. Walikuwa Google Keep, wakaenda Notion, sasa wako Obsidian, na kila wakihama mawazo huja kwa wingi kwa siku kadhaa. Wenzao huwacheka. Mimi sicheki, kwa kuwa faida wanayoisema ipo kweli, ila wanaisifia programu wakati kilichowafaa ni ile kazi ya kuhamisha. Kazi hiyo ina ufundi wake, na mfano wake mzuri kuliko yote niijuayo uko milimani, juu yetu hapa Maramba.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia Amani, Usambara Mashariki. Baada ya Vita vya Kwanza kikawa cha Waingereza, na ndipo mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alipofanya kazi kwa miaka mingi. Kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza, ambayo chapa yake ya pili ilitoka 1940, ukiifungua unaona orodha tu. Lakini orodha ya aina hiyo ni dondoo zilizokwisha kupita vituo vitatu au zaidi, na katika kila kimoja zimeulizwa swali jingine.

Utaratibu wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa ni huu. Kituo cha kwanza ni porini, katika kidaftari cha mfukoni. Mkusanyaji akikata tawi anaandika namba, tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, urefu wa mti, rangi ya ua, harufu, utomvu kama upo, na jina la mti alilotajiwa na wenyeji. Umbo la jani haliandiki kwa kirefu, maana jani lenyewe analo. Anaandika kile ambacho hakitafika: ua likikaushwa rangi hufifia, na mti wa futi mia hauingii ndani ya gazeti la kukaushia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kanuni bora ya dondoo ya kwanza, na wengi wetu tunaikiuka. Tunapiga picha kibao cha barabarani, halafu tunaandika maneno yaleyale ya kibao.

Kituo cha pili ni lebo inayobandikwa kwenye karatasi pamoja na sampuli. Hapa msomaji amebadilika. Nakala ya tawi lilelile huenda ikapelekwa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, kwa hiyo "ng'ambo ya kijito, karibu na kwa mzee" haitoshi tena. Lazima pajulikane ni kijito gani na mlima upi. Kufafanua huko ni kufikiri, hata kama kunafanana na ukarani.

Cha tatu ni kupanga kwa majina, na utajiri umejificha hapa. Porini unao mti mmoja na mtu mmoja anayekutajia jina. Kwenye orodha zinakutana safari nyingi, na majina yanaanza kugombana. Mti ambao Wasambaa wanauita msambu, wenye mbegu za mafuta, kwingine unaitwa mkanyi. Wataalamu wanauandika Allanblackia stuhlmannii. Kinyume chake pia hutokea, jina moja likabeba mimea miwili isiyo na undugu. Je, jina limefuata umbo, au matumizi? Swali hili halikuwamo katika kidaftari chochote. Limezaliwa njiani.

Kilichozuia vurugu ni namba. Jina la mkusanyaji na namba yake vinaandikwa porini, vinarudiwa kwenye lebo, vinatajwa vitabuni. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Amani ilipohamishiwa Nairobi mwaka 1950, karatasi zilibadilisha nchi bila kubadilisha namba.

Sasa tuchukue mtu wa Maramba anayekusanya simulizi za wazee, Kisambaa huku na Kidigo kule, akitaka siku moja ziwe kitabu. Kidaftari chake cha porini kinaweza kuwa Keep, au ujumbe anaojitumia mwenyewe WhatsApp: inafunguka upesi, haiombi mpangilio. Lebo aiandike Obsidian, programu iliyotoka 2020, kwa sababu kila dondoo ni faili la maandishi matupu lililomo ndani ya simu; mvua ikiondoka na mtandao, au bando likiisha, kazi haisimami. Meza ya kupanga iwe Notion kama anapenda majedwali, ingawa programu hiyo ilikaa miaka mingi kabla ya kukubali kazi nje ya mtandao, hadi 2025. Mimi ningechukua karatasi kubwa ukutani.

Sharti ni kwamba kutoka kituo hadi kituo aandike upya kwa vidole vyake, asinakili na kubandika. Inachosha, na uchovu huo una kazi: dondoo ambayo huoni sababu ya kuiandika mara ya pili imekwisha kujihukumu.

Kuna kuhama kwa namna nyingine, kule kwa mashine, na watu huchanganya hivi viwili. Mwishoni mwa 2023 Evernote iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha dondoo 50, na wengi wakaondoka na mizigo yao yote kwa mpigo mmoja. Hapo mashine ndiyo inayofaa, maana shabaha ni kuokoa. Ila usitegemee wazo jipya litoke humo. Ni kuhama nyumba pamoja na takataka. Tena mashine huharibu majina. Notion ikitoa mafaili yako hubandika mkia mrefu wa herufi na tarakimu kwenye kila jina, na Keep hukupa mafaili ya HTML na JSON. Mwenye namba yake mwenyewe ndani ya dondoo, tuseme 240614-3, tarehe na mfuatano wa siku hiyo, hilo halimsumbui sana.

Atakuja mtu na mfano wa Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Kijerumani aliyekuwa na kadi kama 90,000, zote za karatasi, asihangaike na vyombo vipya. Ni kweli. Lakini tazama ndani ya makasha yake. Akisoma kitabu aliandika maneno machache kwenye kadi ya marejeo, kisha baadaye akaandika kadi nyingine kamili kwa maneno yake, akaipa namba na kuchagua iwe jirani na ipi. Alikuwa akihama kila siku bila kutoka chumbani.

Panapobaki pagumu ni kwenye sauti. Faili la sauti la WhatsApp kwenye Android hujiita mfano wa PTT-20240614-WA0003.opus. Tarehe ipo, namba ipo, hata mfuatano upo. Nani amesema, kwa lugha gani, na mzee alikuwa akionyesha mti upi kwa kidole, havimo. Hivyo viandikwe papo hapo, kabla ya kuagana, kwa kuwa ndivyo visivyofika.