Programu Imekupa Fremu, Sasa Tuuone Ukurasa

Desemba 2010 ilitoka Japani programu iitwayo ComiPo!, ambayo mtu asiyejua kuchora hata kikombe angeweza kuitumia kutengeneza ukurasa mzima wa manga. Unachagua mhusika aliyeumbwa tayari kwa 3D, unamvika sare ya shule, unampa hasira au machozi, unabandika kiputo cha maneno, kazi imekwisha. Leo zana za mwanafunzi zimejaa. MediBang Paint inapatikana bure, ibisPaint inafanya kazi kwenye simu, Krita ni ya bure na huria, na Clip Studio Paint ya kampuni ya Celsys inamjia mnunuzi na fremu, viputo na vivuli vilivyokwisha kuandaliwa.

Kwa hiyo ukiletewa ukurasa uutolee hukumu, unyoofu wa mistari ya fremu hauna maksi. Mviringo safi wa kiputo hauna maksi, wala usawa wa vidoti vya kivuli. Hivyo ni vya programu. Maksi zianze pale mtengenezaji alipopewa kitu tayari akakikataa, akakirekebisha au akakipunguza, na jicho la mjuzi kazi yake ni kupatafuta mahali hapo.

Anza kwa kuupunguza ukurasa kwenye skrini mpaka uwe mdogo kama stempu. Maneno hayasomeki tena, na hilo ndilo tunalolitaka. Angalia jicho lako linaingilia wapi, linapita wapi, linatokea wapi. Manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo jicho huingilia pembe ya juu kulia na kutokea pembe ya chini kushoto. Anayetunga kwa Kiswahili ana hiari. Aliyekulia chuoni na msahafu, au aliyezoea tenzi za kale katika hati ya Kiarabu, hashangai kuanzia kulia. Ila maneno ndani ya viputo yameandikwa kwa herufi za Kilatini zinazokwenda kinyume, na jicho linageuzwa njia kila fremu. Mimi napendelea ukurasa wa Kiswahili uanzie kushoto, ingawa sitamnyima mtu maksi kwa kuanzia kulia ikiwa amefuata njia hiyo kikamilifu. Anayezungumza kwanza asimame upande unaosomwa kwanza. Waliochora kwa njia moja kisha wakaugeuza ukurasa wote kama kwenye kioo wanajulikana upesi: kila mhusika anaandika kwa mkono wa kushoto.

Kisha tazama mapengo kati ya fremu. Pengo linalotenganisha safu ya juu na ya chini linapaswa kuwa pana kuliko pengo kati ya fremu zilizo katika safu moja. Sababu yake ni nyepesi: jicho huvuka penye wembamba kwanza. Mapengo yote yakilingana, hasa kwenye ukurasa wa fremu nne zilizopangwa mbili juu na mbili chini, msomaji husita kidogo asijue aende pembeni au ateremke. Kusita huko hakuchukui hata sekunde, lakini kukirudiwa kurasa 20 hadithi inachosha na msomaji hajui kwa nini. Mtu aliyeiachia programu ikate ukurasa kwa pengo moja kila upande ameacha alama yake hapo.

Zipo pia fremu zinazofika hadi ukingo wa karatasi. Karatasi ya kuchorea manga ya kitaalamu ni ya ukubwa wa B4. Ndani yake kuna ukubwa wa kukatwa wa milimita 220 kwa 310, na ndani zaidi kuna kisanduku cha milimita 180 kwa 270 ambamo maneno na mambo muhimu hukaa salama. Picha ya ukingoni lazima ipitilize mstari wa kukatia, kwa kawaida milimita 5. Anayeanza huishia juu ya mstari wenyewe, na mashine ya kukata ikiyumba kidogo tu, panatokea utepe mweupe pembeni mwa bahari au pembeni mwa usiku. Programu huwa imemchorea mistari hiyo yote. Hakuiuliza ni ya nini.

Sasa viputo, ambako kurasa nyingi za wanaoanza huzama, za Kiswahili zaidi kuliko nyingine.

Kijapani katika manga huandikwa wima, kutoka juu kwenda chini. Kiputo chao kwa sababu hiyo ni kirefu na chembamba kama yai lililosimamishwa, na viputo vingi vilivyoandaliwa ndani ya programu za manga vina umbo hilo. Sasa mtie humo mhusika wa Kiswahili anayesema "Hatutakusubirisha". Neno moja, herufi kumi na saba, halipindiki. Mtengenezaji ana njia tatu. Atapunguza herufi mpaka zisomwe kwa miwani, atalikata neno vipande, au atakivuta kiputo kwa pembeni mpaka kipate umbo la maneno yenyewe. Ya kwanza ndiyo inayoonekana mara nyingi. Ya pili inavumilika ikiwa neno limekatwa penye silabi, "hatutaku-" juu na "subirisha" chini, lakini programu isiyojua Kiswahili italikata popote nafasi inapoishia, na utakuta herufi "h" peke yake mwisho wa mstari na "atutakusubirisha" chini yake. Ya tatu ndiyo ya fundi. Fundi hasa huenda mbele zaidi: hupanga kiputo kwanza, mwili baadaye, akijua kwamba sentensi ya Kiswahili inadai upana, kwa hiyo mhusika anasogea pembeni au fremu inapanuka. Ukiona viputo vinakalia vichwa vya watu, vinafunika mikono inayofanya kazi, au vimebanwa kwenye kona kama abiria wa mwisho wa daladala, ujue maneno yaliingia picha ikiwa imekwisha.

Soma viputo peke yake kwa mfululizo, bila kutazama sura. Je, mazungumzo yanafuatana? Kiputo cha pili kinapokaa juu zaidi kuliko cha kwanza, jibu husomwa kabla ya swali. Tazama pia mkia wa kiputo. Uelekee kinywani, si kifuani, na usiguse midomo. Mkia ulioachwa ulivyotoka kwenye programu huning'inia chini wima hata msemaji akiwa pembeni.

Halafu sauti zilizochorwa. Manga huchora mlio kwa herufi zenye umbo, zikiwa sehemu ya picha, na Wajapani wana mlio hata wa kimya. Nasi tunao: kimya jii. Kiswahili ni tajiri mno hapa. Kitu kikianguka majini ni chubwi, kikianguka mchangani ni tifu, matopeni ni tapwi, na kila neno limebeba uzito na umajimaji wake. Halafu unafungua ukurasa wa kijana wa Mombasa, mtu anatumbukia baharini, pembeni pamebandikwa "SPLASH" kwa fonti nyekundu iliyokuja na programu. Nahukumu kwa ukali hapo, nakiri. Si kwa sababu ya uzalendo tu. Herufi zilizobandikwa zina kingo zake na hazifuati mwendo wa mwili unaoanguka, ilhali "CHUBWI" iliyochorwa kwa brashi ileile iliyochora mawimbi inaweza kuanza nyembamba juu na kuvimba inapogusa maji.

Mstari ni somo la subira. Programu hizi za kuchora zina kisaidizi cha kutuliza mkono unaotetemeka, na nyingi huweza kuchongoa ncha za mstari zenyewe, mwanzo na mwisho. Vyote ni vizuri kwa kipimo. Kisaidizi kikizidi, mstari unakuwa kama waya, unene mmoja, hauna pumzi. Uchongoaji ukiachwa kila mahali, kila mstari unafanana na mkia wa panya, hata ule wa meza na wa ukuta ambao ungepaswa kuishia butu. Kuza picha mahali nywele zinapokutana na paji la uso, au kola inapopinda. Mistari iliyochongoka haigusani, na nyeusi iliyomwagwa kwa ndoo ya programu imeacha vitobo vyeupe kwenye pembe. Ukiona vitobo hivyo vimezibwa kimoja kimoja, umekutana na mtu makini.

Kuhusu nyeusi tupu, rudi kwenye ukurasa wa stempu. Iwepo, na isiwe yote upande mmoja. Hayo yanatosha.

Kivuli cha vidoti, ambacho wenyewe hukiita toni, kinataka hesabu kidogo, na hesabu hiyo haina huruma. Tuseme ukurasa umeandaliwa kwa uchapaji wa rangi nyeusi pekee, pikseli 600 kwa inchi, na toni ya kawaida ya mistari 60 kwa inchi. Kila doti lina mraba wake wa pikseli 10 kwa 10. Upana wa milimita 220 unakuwa pikseli karibu 5,200. Sasa mtengenezaji anaupunguza ukurasa huohuo hadi pikseli 1,080 ili ausambaze kwa simu. Mraba wa pikseli 10 unabaki na mbili na kitu. Hicho "na kitu" ndicho kinacholeta balaa: doti moja linaangukia pikseli nzima, linalofuata linaangukia katikati, na shavu la msichana linatokewa na mawimbi ya mistari ambayo hakuna aliyeichora, kama kitambaa kilichokunjwa vibaya. Mchapaji wa zamani aliyepandisha toni juu ya toni aliyajua mawimbi hayohayo.

Kwa hiyo uliza kwanza ukurasa umekusudiwa wapi. Wa karatasi, vidoti viwe vyeusi kabisa vyenye kingo kali; ukikuza ukakuta ukungu wa kijivu kuzunguka kila doti, umepunguzwa au kupanuliwa baada ya toni kuwekwa. Wa simu, kijivu tulivu kisicho na vidoti ni uamuzi wa heshima, na anayeking'ang'ania kidoti kwa sababu "ndiyo manga yenyewe" ameshika nembo akaacha kazi. Na popote pale, toni isijaze. Anayeanza huipenda mno kwa kuwa inawekwa kwa mguso mmoja, basi ngozi, shati, ukuta na anga vyote vinakuwa kijivu kimoja.

Mandhari za 3D sizionei aibu. Hiroya Oku alizitumia katika Gantz, iliyoanza mwaka 2000, na hakuna aliyesema hajui kazi. Tatizo huwa kwenye mshono. Angalia miguu ya mhusika: je, sakafu inamshika, kuna kivuli chini ya soli, au anaelea? Linganisha urefu wa upeo wa macho wa chumba na ule wa mwili. Chumba kikitazamwa kutoka juu na mtu akitazamwa kutoka usawa wa kifua, hawako pamoja. Na uone kama madirisha na viti vina mstari mwembamba uleule mahali pote huku watu wakiwa na mstari wa kalamu unaonenepa na kukonda. Fundi atapitisha kalamu juu ya viti vilivyo karibu, atafuta nusu ya madirisha ya mbali, ataweka ufa ukutani. Dakika chache tu, na chumba kinakuwa cha hadithi hiyo.

Ukiruhusiwa, omba faili lenyewe lenye leya zake badala ya picha iliyokwisha kufungwa. Japani mhariri husoma kwanza rasimu ya ukurasa, yenye fremu, maneno na watu wa vijiti, ambayo huitwa "nemu", kabla mstari wa wino haujachorwa. Katika faili la mwanafunzi aliyefundishika utaikuta rasimu hiyo kwenye leya ya chini kabisa, ya bluu hafifu. Iwashe. Mara nyingi haifanani na ukurasa wa mwisho, na tofauti hiyo ndiyo ya kukaa nayo. Rasimu ilikuwa na fremu saba, ukurasa una tano. Tafuta zile mbili zilizotolewa, kisha usome ukurasa upya uone kama unazihitaji.