Karama Bila Mpinzani: Kusoma Kusadikika Katika Somo la Falsafa

Kitabu cha Shaaban Robert, Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, husifiwa mno kwa utetezi wa Karama. Sisi nasi tumekisifu. Lakini tulipokisoma na wanafunzi katika somo la falsafa, ambamo kila insha husomwa mbele ya wenzake mwandishi na kupingwa kabla ya kusahihishwa, tuliona upungufu ambao sifa zetu zilikuwa zimeuficha.

Majivuno anamshtaki Karama kwa kueneza elimu ya uanasheria. Karama anajitetea kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi manufaa, nao waliporudi wakafungwa. Masimulizi haya yana nguvu. Hata hivyo, mshtaki hapewi zamu ya kumhoji kisa kwa kisa. Hoja yashinda kwa kuwa hakuna aliyeigusa.

Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba visa hivyo vinathibitisha haki ya Karama. Mwenzake akampinga: vinathibitisha ukatili wa wakuu tu, wala si wema wa kufundisha sheria. Mwandishi alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mjumbe anayefungwa pasipo mtetezi ndiye anayeonyesha haja ya elimu ile. Insha iliandikwa upya, ikawa fupi, na imara kuliko ya kwanza. Tungalifurahi kama Majivuno mwenyewe angalilitoa pingamizi hilo.

Itasemwa kwamba hadithi si mdahalo. Ni kweli, lakini mwandishi ndiye aliyechagua kuiweka hadithi yake mbele ya baraza la hukumu. Plato alimpa Sokrates nafasi ya kumhoji mshtaki wake. Thomas Aquinas alitanguliza mapingamizi kabla ya jibu lake. Na hoja 95 za Luther, mwaka 1517, ziliandikwa ili zijadiliwe. (Wengi wetu huzikumbuka kama tangazo.)

Jambo hili latugusa sisi wahubiri, kwa maana mimbarani hatukatizwi. Huku Tanga, ambako Shaaban Robert alizaliwa kijijini Vibambani, Wakristo wetu wamepakana na Waislamu nyumba kwa nyumba, na swali juu ya Utatu huulizwa barazani jioni, kwa upole na bila kuachiliwa. Tumemwona mchungaji kijana akilijibu kwa kurudia mahubiri yake, kwa sauti kubwa zaidi.

Muhula ujao tutaanza na hotuba ya Majivuno. Anayempenda Karama kuliko wote ndiye atakayepewa kazi ya kuiendeleza.