Mhalifu Mdogo na Haki ya Kurudi: Suala la Ulysses Klaue katika Filamu za Wakanda

1. Suala lenyewe

Filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu hutolewa kwa mfululizo, na kila filamu mpya huzusha swali lile lile miongoni mwa watazamaji: nani atarudi? Kuhusu shujaa, jibu hujulikana mapema. Kuhusu adui mkuu pia si gumu, kwani mara nyingi hufa au hufungwa mwishoni. Mjadala huwa mkali juu ya mhalifu mdogo, yaani yule aliyepewa dakika chache, akapendeza, kisha akatoweka. Je, filamu ya mwendelezo imrudishe?

Katika makala haya tunanuia kulijibu swali hilo kwa kumchunguza mhusika mmoja, Ulysses Klaue. Hoja yetu ni kwamba mhalifu mdogo ana haki ya kurudi iwapo hadithi ingali inamdai. Asipodaiwa, dhima yake yaweza kurudi bila yeye.

Wapo watakaouliza kama suala hili lastahili kurasa za jarida la Kiswahili. Tunaona lastahili kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa wanafunzi wetu wanazifahamu hadithi hizi kuliko tenzi, na mbinu za uhakiki tunazowafundisha zapaswa kupimwa pia juu ya kile wanachokijua. Pili, Klaue ni mwizi wa madini ya Afrika. Msomaji wa Katanga hawezi kumtazama kana kwamba hayamhusu.

2. Dhima na uso

Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa hadithi za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alionyesha kwamba wahusika hubadilika kutoka hadithi hadi hadithi, ilhali matendo yao katika msuko, yaani dhima zao, hubaki yale yale. Jambo hili twalifahamu katika ngano zetu pia: anayenaswa kwa ulafi wake aweza kuwa fisi leo na mnyama mwingine kesho, mtego ni ule ule. Kwa mtazamo huo, hakuna mhalifu mdogo ambaye nafasi yake haiwezi kushikwa na mwingine.

Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili yatukumbusha upande wa pili. Kwa "huyu" twamwonyesha aliye karibu nasi. Kwa "huyo" twamtaja yule ambaye msemaji na msikilizaji wamekwisha kumzungumzia. Anayesema "huyo" bila kumtaja mtu kabla huulizwa mara moja: "Yupi?" Mhalifu anayerudi ni "huyo" wa hadithi. Kurudi kwake kuna maana ikiwa filamu iliyotangulia iliacha jambo ambalo yeye analibeba, wala si mwingine.

3. Klaue kati ya 2015 na 2018

Katika Avengers: Age of Ultron (2015), iliyoongozwa na Joss Whedon, Klaue, ambaye aliigizwa na Andy Serkis, ni mfanyabiashara wa silaha anayekaa ndani ya meli mbovu kwenye pwani ya Afrika. Anamwuzia Ultron madini ya vibraniamu yaliyoibwa Wakanda, kisha anakatwa mkono, na hadithi inampita. Lakini kuna jambo dogo la kuzingatia: shingoni mwake amechomwa chapa ambayo kwa lugha ya Wakanda yamaanisha "mwizi". Filamu haikuirudia tena chapa hiyo. Deni liliandikwa, halikulipwa.

Black Panther (2018) ya Ryan Coogler yalidai deni hilo. Hapo twajulishwa kwamba wizi wa Klaue uliua watu, wakiwemo wazazi wa W'Kabi, rafiki wa mfalme T'Challa. Twajulishwa pia kwamba aliyemsaidia Klaue kuingia alikuwa N'Jobu, ndugu wa mfalme T'Chaka, na kwamba mwana wa N'Jobu, Killmonger, sasa ndiye mshirika wa Klaue. Hivyo mhusika mmoja mdogo anaunganisha msiba wa W'Kabi, usaliti wa N'Jobu na kisasi cha Killmonger. Mwizi mgeni asingeweza kufanya hivyo.

T'Challa anamwahidi rafiki yake kwamba atamleta mwizi. Anamkamata mjini Busan, Korea Kusini, kisha anamkosa. Killmonger ndiye anayemwua Klaue na kuifikisha maiti yake mpakani mwa Wakanda. Tangu hapo moyo wa W'Kabi unahama, na ufalme unagawanyika.

Yawezekana kulalamika kwamba Klaue aliuawa mapema mno, kwa kuwa vicheko na vituko vyake vilikuwa vikichangamsha filamu. Hatukubaliani na lalamiko hilo. Ladha ya mhusika si deni la hadithi. Kilichokuwa kikidaiwa ni mwili wa mwizi mbele ya waliofiwa. Aliyeulipa akapata utii wao. Maiti ya Klaue ilifanya kazi ambayo Klaue mzima asingeifanya.

4. Mgeni asiye na jembe

Yafaa kumlinganisha na Jonathan Crane, yaani Scarecrow, aliyeigizwa na Cillian Murphy katika filamu tatu za Christopher Nolan kuhusu Batman. Katika ile ya kwanza (2005), Crane ni daktari wa magonjwa ya akili anayetoa ushahidi wa uongo mahakamani ili wauaji wasifungwe gerezani. Katika ile ya pili (2008), anaonekana karibu na mwanzo akiwauzia wahalifu dawa yake, anakamatwa, basi. Watazamaji walimtambua, lakini hakuna aliyekuwa akimdai chochote. Ukimwondoa hapo, msuko hautikisiki.

Katika ile ya tatu (2012), mji umetekwa, na Crane anaketi kama hakimu akiwahukumu watu kifo au uhamisho, na uhamisho wenyewe ni kutembea juu ya barafu ya mto. Aliyeuza ushahidi mahakamani sasa ndiye mahakama. Dakika zake bado ni chache, ila sasa zina kazi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwongozaji alimpa jembe siku ya tatu. Siku ya pili alimkaribisha tu.

5. Deni lililobaki

Tukirudi Wakanda, twaona kwamba hesabu ya Klaue haikufungwa yote. Aliuawa bila kuhukumiwa. Waliofiwa hawakumsikia akijibu, na walionunua mali ya wizi kwake hawakutajwa. Mnunuzi tunayemwona Busan ni afisa wa ujasusi wa Marekani aliyejifanya mnunuzi, naye baadaye anakuwa rafiki wa Wakanda. Mwizi anapoondoka, hadithi inageuka kuwa ugomvi wa watoto wa ndugu wawili.

Wakanda Forever (2022), ya mwongozaji yule yule, ilirudisha dhima bila uso. Askari wa kukodiwa wa Kifaransa wanavamia kituo cha Wakanda huko Ansongo, nchini Mali, ili kuiba vibraniamu, na Malkia Ramonda anawafikisha wakiwa wamefungwa mbele ya Umoja wa Mataifa, Geneva. Propp angeridhika: mwizi amebadilika, wizi ni ule ule. Sisi pia twaridhika kwa kiasi, kwani safari hii nyuma ya mwizi inaonekana dola. Klaue hakuhitajika, na kumfufua kungekuwa kosa.

Bali askari hao nao hawaendi mbali. Hadithi inawaacha na kuwagonganisha Wakanda na Talokan, yaani mataifa mawili yaliyo na madini yale yale. Filamu zote mbili zina umbo moja: mwizi anafungua mlango, kisha wenye mali wanapigana. Urani iliyochimbwa Shinkolobwe ilitumika kwa sehemu kubwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Msomaji wa huku anajua kwamba madini yana safari ndefu, na kwamba mwenye kuyapokea mwisho wa safari ni nadra kuonekana katika simulizi. Ndiyo maana umbo hilo halipaswi kupita bila kuhojiwa.

6. Hitimisho

Mhalifu mdogo asirudishwe kwa sababu alichekesha, wala asifungiwe nje kwa sababu ni mdogo. Tuulize nani bado anamdai, na kama deni hilo laweza kulipwa na mtu mwingine. Klaue alistahili kurudi mwaka 2018, na alistahili kutorudi mwaka 2022. Kinachodaiwa sasa ni kesi yake. Ikiwa filamu nyingine ya Wakanda itamleta mwizi wa madini, awe na jina lolote, basi afikishwe hadi sura ya mwisho, na aliyemtuma asimame kando yake.