Risasi Haipotei Tanuruni: Hesabu ya Owino Uhuru

Kuanzia 2007 hadi 2014, kiwanda kilichopakana na makazi ya Owino Uhuru, huko Mikindani jirani na Changamwe, Mombasa, Kenya, kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kiini cha kazi hiyo huandikwa kwa mstari mmoja:

PbO + C → Pb + CO₂

Kaboni ya makaa huinyang'anya oksaidi ya risasi oksijeni yake, risasi ikabaki. Ila hesabu haijakubali: oksijeni ni moja kushoto, mbili kulia.

Wanafunzi wengi huteleza papa hapa. Hubandika 2 ndogo, PbO ikawa PbO₂, na pande zote mbili zikatoshana mara moja! Kumbe PbO₂ ni kitu kingine kabisa, ule unga wa kahawia ulio kwenye bamba chanya la betri iyo hiyo. Mlinganyo umekaa sawa, lakini si wa mmenyuko ulioulizwa. Namba ndogo haziguswi. Tunazidisha kwa namba ya mbele tu. 2PbO inaleta oksijeni mbili, na risasi mbili pia, basi kulia nako iwe 2Pb:

2PbO + C → 2Pb + CO₂

Kwa gramu, 446 na 12 huzaa 414 na 44. Kila upande 458.

Betri iliyokwisha nguvu imejaa salfati ya risasi. Ukisawazisha mmenyuko wake na kaboni, anza na risasi na salfa. Oksijeni, iliyotapakaa kote, iache mwisho:

2PbSO₄ + C → 2PbO + 2SO₂ + CO₂

Oksijeni nane kwa nane. Hiyo SO₂ ndiyo gesi inayowasha koo.

Karatasini risasi yote huishia kwenye mche. Tanuruni, nyingine hutoka na mvuke na vumbi, nyingine hubaki kwenye masalio. Kwa kuwa hakuna moto wa makaa unaoigeuza atomi ya risasi kuwa kitu kingine, iliyopungua kwenye mche lazima iwe mahali fulani. Huko Owino Uhuru, risasi ilikutwa udongoni na katika damu ya watoto, akiwemo mwana wa Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo na aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman 2015 kwa kupigania wakazi. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe.