Lugha ya Kushindwa: Nyimbo za Kantri katika Vinywa vya Wanapanki

Wahakiki wengi huueleza uimbaji upya wa nyimbo za kantri katika panki kwa neno moja: kejeli. Maelezo hayo yana mashiko yanapoihusu albamu ya Love Their Country (2006) ya Me First and the Gimme Gimmes, bendi iliyojijengea jina kwa kuimba nyimbo za wengine kwa kasi na kwa mzaha. Yanapotumiwa kwa rekodi zote, hata hivyo, yanaficha jambo la msingi. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba baadhi ya wanapanki waliiendea kantri kwa sababu walipungukiwa na lugha ya kushindwa. Panki ya mwaka 1977 ilikuwa na msamiati mpana wa hasira. Wa majuto ulikuwa finyu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mekons, bendi iliyoanzishwa na wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Albamu yao ya Fear and Whiskey ilitoka mwaka 1985, mwaka ambao mgomo wa wachimba makaa ya mawe, uliodumu takribani mwaka mzima, ulimalizika kwa wagomaji kurejea kazini bila makubaliano. Albamu hiyo inafungwa kwa "Lost Highway", utungo wa Leon Payne uliovumishwa na Hank Williams mwaka 1949. Nafsineni ni mzururaji aliyepotea njia. Kwa Williams, kosa ni la mtu mmoja na adhabu ni yake peke yake. Kwa Mekons, aliyepotea ni umma. Maana hii mpya inazaliwa na mahali wimbo ulipowekwa: mwishoni mwa albamu, mwishoni mwa mgomo.

Msomaji aliyezoea majibizano ya washairi wa Kiswahili atashawishika kuiona rekodi hii kama jibu. Ulinganisho huo unafaa kwa kiasi kidogo tu. Mjibuji wa shairi huazima bahari na vina, kisha hutia maneno yake; mwanapanki huazima maneno, akabadilisha yanayoyazunguka.

"Ring of Fire", katika albamu ya Social Distortion ya mwaka 1990, inaitia hoja hii majaribuni, kwani ni wimbo wa mapenzi. Katika rekodi ya Johnny Cash (1963), tarumbeta za mtindo wa Kimeksiko zinaupa moto sura ya sherehe. Bendi hii ya California imeziondoa na kuweka magitaa ya umeme yenye mkwaruzo. Sherehe imetoweka, na Mike Ness anaimba kama mtu aliyekwisha kuungua. (Wepesi wa kuifasiri sauti hiyo kwa historia ya uraibu wake uepukwe, mkwaruzo unasikika hata kwa asiyeijua.) Kilichopotea ni mvuto wa moto wenyewe, na hiyo ni hasara: kwa Cash tunaelewa kwa nini mtu angeuingia.

Linabaki swali la haki. Je, wasomi wa Leeds walistahili kuvaa huzuni ya maskini wa kusini mwa Marekani, tena kwa ajili ya wachimba migodi? Utetezi wao umo katika utendaji: uimbaji hauna madoido, fidla haijasafishwa, na hakuna anayejifanya fundi wa kantri.