Damu Hii Itatakwa Mkononi mwa Nani?
Maneno machache juu ya mchezo wa "Kinjeketile"

Miongoni mwa vitabu wanavyovisoma vijana wetu shuleni umo mchezo wa kuigiza uitwao "Kinjeketile", ulioandikwa na Bwana Ebrahim Hussein, ukapigwa chapa mwaka 1969. Tuliusoma pamoja jioni kadhaa, walimu, wanafunzi na wazee wachache wa usharika. Tulipokifunga kitabu, mzee mmoja aliuliza: "Wale waliokufa wakiyategemea maji, damu yao i juu ya nani?" Mmoja akajibu upesi, "Juu ya Wadachi." Mwingine akasema, "Juu ya huyo aliyewapa maji." Tukaagana usiku ule hatujapatana. Nasi twaona kwamba swali hili lastahili kupimwa polepole, kwa kuwa halihusu mchezo peke yake.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili. Yuko Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa kweli, aliyenyongwa na Wadachi huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Na yuko Kinjeketile wa mchezo, ambaye mwandishi mwenyewe ametuonya kwamba ni mtu aliyemwumba kwa fikira zake. Yule wa kweli tumwachie Mungu, maana yaliyokuwa moyoni mwake hatukuyaona. Bali huyu wa mchezo ameletwa mbele yetu makusudi, moyo wake umefunuliwa, ili tumtazame na tujitazame.

Habari yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Watu wanateswa katika shamba la pamba la Wadachi. Viboko ni vingi na chakula ni haba. Makabila nayo hayaaminiani. Kinjeketile avutwa na pepo Hongo aingie mtoni. Watu wadhani amekufa maji, kisha atoka akiwa hai, na neno kinywani: maji haya yatawaunganisha, na risasi za mzungu hazitawadhuru. Watu waamka kama waliotoka usingizini. Lakini baadaye Kinjeketile atambua kwamba katika maneno aliyoyanena alipokuwa amepagawa imo ahadi ya kuwa watu wa Seyyid Said. Ashtuka: je, ametumwa kuwatoa watu katika kongwa moja na kuwatia katika jingine? Tangu hapo moyo wake hautulii. Awaambia watu wangoje, nao hawataki kungoja. Vita vyaanza pasipo amri yake, watu wapigwa risasi wakafa, naye aishia kifungoni pamoja na rafiki yake Kitunda.

Basi, ni nani mwenye hatia? Mchezo wenyewe una utetezi wake: mtu hulizaa neno, nalo neno hukua likamshinda nguvu aliyelizaa. Utetezi huu una kweli ndani yake. Wahenga walikwisha kunena, maji yakimwagika hayazoleki. Tena hatumlaumu Kinjeketile kwa sababu ya kunena mara ya kwanza, kwa kuwa mchezo waonyesha wazi kwamba aliamini aliyoyanena. Mtu aliyekosea kwa moyo safi si sawa na mdanganyifu.

Lakini utetezi huu hautoshi. Katika Kitabu cha Ezekieli, mlango wa 33, twasoma habari za mlinzi aliyewekwa kuutazama mji. Akiuona upanga unakuja naye asipige tarumbeta, watu wakaangamia, damu yao itatakwa mkononi mwake. Akipiga tarumbeta nao wasisikie, ameiokoa roho yake. Kipimo hiki ndicho twataka kumpimia Kinjeketile. Hatuulizi kama yeye ndiye aliyeuleta upanga, maana tunajua ulitoka wapi. Twauliza: alipouona, alipiga tarumbeta?

Sisi, tulivyousoma mchezo, twajibu kwamba aliipiga, lakini kwa sauti ndogo. Onyo lake kwa watu ni kwamba wangoje. Na mtu aliyepigwa kiboko jana, akiambiwa "ngoja" pasipo sababu, atawezaje kungoja? Sababu yenyewe, kwamba yule aliyeleta maji hana tena hakika na maji, haikumfikia mtu wa mwisho katika safu aliyeshika mkuki. Yule alikwenda mbele ya bunduki kifua wazi, akiamini. Kitunda, aliyewazoeza watu vita, alijua zaidi. Viongozi walijua zaidi. Aliyejua machache ndiye aliyekufa kwanza. Hapo ndipo tuonapo hatia: katika kunyamaza, baada ya shaka kuingia na kabla ya risasi kulia.

Twaja sasa kwenye mwisho wa mchezo, ambao wengi huusifu. Kinjeketile yuko kifungoni. Wadachi wamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa, kwa kuwa akisema hivyo watoto wataambiwa kwamba baba zao walikosa hata kupigana. Wanafunzi wetu wengine walisema, "Huyu ni mkaidi, ameficha kweli mara mbili." Sisi hatukubaliani nao. Kunyamaza kabla ya kifo na kunyamaza baada ya kifo si jambo moja. Tarumbeta yafaa kabla upanga haujafika. Watu wakisha kufa, neno lile lile halimwokoi mtu. Nalo likitiwa kinywani mwa mwenye kiboko, hugeuka kuwa kiboko kingine. Kwa hiyo kunyamaza kwake kifungoni twakuhesabu kuwa ni ushujaa. Kosa letu lingekuwa kuuacha ushujaa ule wa mwisho ufunike upungufu ule wa katikati.

Tena twaona kwamba mambo mawili yamefungwa kamba moja, nayo yangeweza kufunguliwa. Neno la kwanza ni hili, "Tulikuwa na haki ya kukataa kuonewa." Neno la pili ni, "Maji yazuia risasi." La kwanza ni kweli hata kama la pili si kweli. Mtu angeweza kuwaambia ndugu zake, "Haki ni yetu, lakini maji sina hakika nayo, atakayekwenda na aende akijua." Pengine wangekwenda wachache. Pengine wasingekwenda kabisa. Lakini kila aliyekufa angekuwa amejitoa nafsi yake mwenyewe, asiwe ametolewa na mwingine.

Hapa wako watakaosema, "Walimu mwawatetea Wadachi." Hasha! Sisi wa Usambaa hatukuingia katika vita vile, lakini tuliujua mzigo wenyewe. Lushoto yetu iliitwa Wilhelmstal, na mwaka 1907 ilianza desturi ya kadi, ambayo kwayo mwanamume alilazimishwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Na huko kusini, askari wa serikali waliteketeza mashamba na maghala, njaa ikawa silaha. Waliokufa wahesabiwa kufika 250,000 au hata 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Hatia ile ni kubwa, wala hatuipunguzi hata chembe. Lakini hatia si kama kiporo, kwamba ukimmegea mwenzio chako chapungua. Wadachi wana yao yote, na mlinzi aliyenyamaza ana yake.

Na hapa twataka kuulaumu mchezo kidogo, pamoja na kuupenda. Unafunguka kwa wanawake wanaosema juu ya taabu ya chakula, jambo jema sana, maana vita huanzia jikoni. Lakini unafungwa kifungoni, kati ya wanaume na minyororo yao. Ile njaa iliyokuja baada ya vita haimo. Yule mama aliyerudi shambani akakuta majivu, hakupewa nafasi ya kumwuliza Kinjeketile neno. Wala hatuwaoni wale waliouawa na wapiganaji wenyewe. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini, nao hawakuwa askari. Kitabu kikitaka kutuuliza juu ya damu, na kituonyeshe na damu ya wasioshika mkuki. Mwandishi ana ruhusa ya kuchagua atakacho kukionyesha, lakini msomaji ana wajibu wa kukumbuka kilichoachwa.

Tusidhani kwamba haya ni ya kusini tu. Katika "Habari za Wakilindi", alizoziandika Abdallah bin Hemedi na kuchapwa na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907, tunazo habari za Kiva. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, watawala waligombana, na raia wakauzwa utumwani. Wabondei wakapatana kuwaondoa Wakilindi. Nani atasema hawakuwa na sababu? Lakini walipoinuka, Wakilindi wengi waliuawa na wengine wakauzwa, yaani mwenye kuuzwa akawa mwenye kuuza. Mtoto wa Kilindi aliyekuwa bado mgongoni mwa mama yake alikuwa amemwuza nani? Mfalme Daudi, tauni ilipowapiga watu 70,000 kwa ajili ya kosa lake, alimlilia Mungu kwamba aliyekosa ni yeye, na kondoo wale hawakutenda neno. Neno kama hilo ndilo tulilolitafuta kinywani mwa viongozi wa Kiva, na kinywani mwa Kinjeketile, na kinywani mwa maofisa wa Kidachi, wala hatukuliona.

Wasomaji wetu, mtatuuliza: sisi wakulima wa mahindi na viazi, hatuongozi vita, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa kila mwenye neno linaloaminiwa amebeba maji. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha dawa walichoambiwa chaponya maradhi makubwa. Wako waliotolewa hospitalini wakapelekwa huko, na wako waliofia njiani. Hata leo yuko mgonjwa aambiwaye aache vidonge vyake, kwa sababu ameombewa. Anayemwambia hivyo huenda aamini kwa moyo wote, kama Kinjeketile alivyoamini siku ya kwanza. Lakini siku shaka itakapoingia moyoni mwake, je, atasimama mbele ya watu wote aseme? Au ataogopa kwamba imani ya watu itavunjika, na heshima yake pamoja nayo?

Hukumu yetu basi ni hii. Kinjeketile wa mchezo si mwuaji, wala si mdanganyifu. Ni mlinzi aliyeuona upanga akasema maneno nusu, kwa kuwa aliwapenda watu wake na hakutaka kuuvunja umoja waliokwisha kuupata. Twamhurumia. Lakini nusu ile iliyobaki ndani ya kinywa chake, kuna watu waliokufa kwa kuikosa. Na mchezo huu twausifu kwa sababu umetuonyesha jambo hilo bila kutuamulia.

Yule mzee aliyeuliza, tulipomsomea maneno haya, alifikiri kitambo. Kisha akasema, "Mngeyaweka na majina ya wale wenye mikuki." Twajuta kwamba hatunayo. Kila asomaye mchezo huu na akumbuke kwamba walikuwa nayo.