Bawabu wa Simu Zetu

Hoja ya Google kuhusu Play Store, duka lake la programu za simu, ni kwamba mlango ukiwa mmoja mteja huwa salama. Hoja hiyo nimeisikia hata kwa mafundi simu wa hapa Butimba, nami siwezi kuitupa yote. Simu siku hizi ndiyo mkoba wa fedha. Anayeingiza ndani yake programu asiyoijua asili yake anamkaribisha mwizi. Lakini hebu tuipime kwa yaliyotokea.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu bila leseni. Msomaji atakumbuka adha ya mikopo hiyo: mtu akichelewa kulipa, jamaa zake, mkwewe, hata mwajiri wake, hutumiwa ujumbe kwamba fulani ana deni na anakwepa. Namba zao zimechotwa kwenye simu yake mwenyewe. Programu za namna hiyo hazikuletwa na vijana wa mitaani peke yao; nyingi zilipita mlango mkuu, ndiyo maana mwaka 2023 Google ililazimika kuzikataza programu za mikopo kusoma namba na picha za mtu. Bawabu, basi, alikuwapo muda wote. Aliuliza kama mgeni amejiandikisha, mzigo hakuupekua.

Sasa tuseme mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Butimba ametunga programu ndogo ya kuwafundishia watoto hesabu za sehemu kwa Kiswahili. Ili aiweke dukani atalipa dola 25. Kisha, kwa kuwa akaunti yake ni mpya na ya binafsi, atafute watu 12 wa kuijaribu siku 14 mfululizo (kanuni ilipoanza, mwishoni mwa 2023, walitakiwa 20). Watu 12 wenye bando kwa siku zote 14! Asiyeishi kwa bando la siku hawezi kuliona hilo kuwa ni mlima.

Hayo yote yalivumilika kwa sababu moja: hakulazimika kupita dukani. Aliweza kumrushia mwenzake programu hiyo kwa Xender, simu kwa simu, bila bando wala ada, na kabla ya jua kuzama ikafika Nyegezi na Mkolani.

Njia hiyo ndiyo inayobanwa. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android ilizoziidhinisha hazitapokea programu, hata kutoka nje ya duka lake, mpaka mtunzi awe amejisajili kwake na kuthibitisha yeye ni nani. Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand zilipangiwa Septemba 2026. Nchi nyingine kuanzia 2027. Baada ya malalamiko, Novemba 2025 iliahidi njia kwa watumiaji wazoefu, na akaunti nyepesi kwa wanafunzi, ila yenye kikomo cha idadi ya simu. Si haba. Lakini kikomo hicho anakipanga nani? Ni yeye yule mwenye duka.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipokataa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, viwanda vya Mwanza vilipata pigo, na mvuvi pamoja navyo. Hata hivyo aliweza kupeleka sangara wake Kirumba akauza kwa bei ya huruma. Ulaya ilikuwa na haki ya kulinda meza yake. Haikuja kusimama ufukweni petu kuamua nani amuuzie nani. Google inataka kusimama ufukweni. Simu nimeinunua kwa fedha yangu, jirani yangu amenitungia programu, na bado tuombe ruhusa California.

Apple waliufunga mlango huo tangu duka lao lilipoanza mwaka 2008, na hawakuulegeza Ulaya mpaka sheria ilipowabana Machi 2024. Tanzania tunayo Tume ya Ushindani. Ningependa iwaite Google kabla ya zamu yetu kufika, na swali la kwanza liwe hili la programu za mikopo: zilipitaje?